Kamati ya Vifaa, Mwenyekiti Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Leo historia imeandikwa ofisini kwetu, na kalamu ni mimi.

Mama Mkurugenzi alituita asubuhi, mimi na Rangi. Akasema kompyuta zetu zimezeeka, na programu kila mtu ana zake, hata kazi ya mmoja haifunguki kwa mwenzake. Anataka vifaa vya aina moja kwa ofisi nzima. Mtu mmoja atazame, apime, achague. Akaniangalia mimi. Rangi anadai kwamba aliangalia saa ya ukutani iliyo nyuma yangu. Wivu ni ugonjwa.

Nieleze, kwa faida ya vizazi vitakavyosoma shajara hii. Ofisi yetu hutengeneza tovuti. Mimi naandika msimbo, yaani yale maneno ambayo kompyuta huyasoma na kuyatii. Rangi huchora kurasa: huchagua rangi, maumbo ya herufi, mahali pa kuweka picha. Jina lake ni lingine kabisa, lakini hata Mama Mkurugenzi ameshalisahau. Kwa ufupi, mimi ni nguzo na yeye ni chokaa. Nilimwambia hivyo siku moja. Hakucheka.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mama Mkurugenzi alidokeza kwamba mwisho wa mwezi atateua Mkuu wa Ufundi. Alidokeza tu, ila sikio langu ni la paka. Jicho lake liko kwa mteja mmoja: Mkunga, mwenye zahanati ya wajawazito ng'ambo ya barabara kuu. Tovuti yake ni kazi yetu. Akina mama huingia humo, huchagua siku na saa ya kupimwa, kisha hupata ujumbe kwenye simu. Mkunga anataka kitu kimoja kiongezwe: kitufe cha kuahirisha miadi, mama asilazimike kupiga simu. Akiridhika atatuletea na wenzake wenye zahanati nyingine. Atakayemridhisha Mkunga ndiye Mkuu. Sikuambiwa. Nimeng'amua.

Mke wangu naye anahudhuria hapo hapo. Mimba ya miezi minane. Nilipomwambia habari ya uteuzi, akauliza kamati ina watu wangapi. Mmoja. Akauliza mwenyekiti ni nani. Anafundisha hisabati, sijui kwa nini alihitaji msaada.

Jumanne, 4 Machi

Kamati imekutana. Akidi ilitimia mara tu nilipoketi.

Ajenda: kibodi. Wengi huanza na kompyuta. Makosa. Kazi huanzia kwenye vidole. Nilikwenda kwa muuza vifaa, nikajitambulisha kwa cheo, akanipa kibodi ya majaribio nikae nayo juma zima. Si kibodi ile, ni ala ya muziki! Kila kitufe kina springi yake chini. Ukikibonyeza, kinaitika.

Nilipoanza kuandika, ofisi nzima iligeuka. Nikaona wamevutiwa. Nikaongeza kasi. Mama Mkurugenzi alikuwa kwenye simu na Mkunga, na Mkunga akamuuliza kama kuna mafundi wanapigilia paa. Mama Mkurugenzi akafunika simu kwa kiganja, akaniomba kwa upole nihamie kile chumba kidogo mwisho wa korido, baada ya choo.

Kwa hiyo sasa nina ofisi yangu binafsi. Siku ya pili tu ya uongozi. Ina dirisha, ndoo, mifagio na katoni za karatasi. Rangi alipita akasema imenifaa. Nadhani hakukusudia kusema, ukweli ulimponyoka.

Jioni niliipeleka kibodi nyumbani wakaione. Mama mkwe, aliyekuja kumsubiri mjukuu, alikuwa amejinyoosha kochini. Nikaandika kidogo. Akafumba macho. Akasema, "Endelea, baba. Kama mvua juu ya bati." Akasinzia. Hatimaye mtu mwenye sikio la ufundi katika familia hii.

Mke wangu akauliza kama nimekiunga kitanda cha mtoto. Bado kiko ndani ya boksi. Nikamweleza kwamba hatuwezi kuunga kitanda kabla kamati haijachagua bisibisi.

Jumatano, 5 Machi

Leo: programu za kuandikia msimbo. Asiyejua atasema maandishi ni maandishi. Mtu huyo hajawahi kuchagua rangi ya nukta mkato.

Ya kwanza ni nyepesi mno, inafunguka kabla sijajiandaa. Ya pili ni nzito, inafunguka nikiwa nimeshasahau nilichotaka. Ya tatu inajifanya inajua utakachoandika na kukumalizia neno. Nikaanza kuandika "mkunga", ikanimalizia "mkungu". Nikafuta. Ikarudisha ndizi zake. Tumeachana.

Ya nne ndiyo yenyewe. Ina vikorombwezo vya kupachika, tele: kimoja hunyoosha mistari, kimoja hukagua makosa, kimoja hutoa sauti ya makofi kila unapohifadhi kazi. Hicho cha makofi nimekipachika. Cha kukagua makosa nimekiacha, kilikuwa kinanisumbua.

Kisha rangi ya nyuma. Nyeupe au nyeusi? Nyeusi. Lakini kuna nyeusi ya makaa, nyeusi ya wino na nyeusi ya masizi. Adhuhuri ilinikuta kwenye wino. Alasiri nikatua kwenye masizi, na sitaki kusikia neno lingine.

Jioni Mama Mkurugenzi alichungulia kuuliza kitufe cha Mkunga kimefikia wapi. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja. Mmoja, ila umenyooka. Nikauhifadhi mbele yake ili asikie makofi. Aliyasikia. Akasema kitufe anakitaka Jumatatu.

Ananiamini. Angekuwa haniamini angesema kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Vita vya skrini. Nimeshinda, nadhani.

Muuza vifaa alileta skrini kubwa ya majaribio, pana kama mlango wa kabati. Moja tu. Nilijua Rangi ataitolea macho, kwa hiyo niliwahi kabla hata mlinzi hajafungua geti vizuri, nikaipokea, nikaifikisha ofisini kwangu. Haikuenea mpaka nilipotoa mifagio nje. Nikaiwasha. Nikautazama mstari wangu wa jana kwa upana ule. Ulionekana wa maana sana.

Rangi akaja. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Alisimama, akakunja macho, akainamisha kichwa upande, akashusha pumzi kama daktari aliyeona kitu asichotaka kukitaja mbele ya mgonjwa. Nikauliza nini. Hakuna. Nikamshikilia aseme. Akasema weupe wa skrini ile umeelemea njano, kidogo tu, macho ya kawaida hayaoni, lakini kichwa kinajua na kinachoka. Nikauliza dalili zake. Akasema mtu huanza kwa kupepesa.

Nilikuwa napepesa!

Nikafikiri upesi. Nikamwambia kwamba kwa kuwa yeye ndiye mtu wa rangi, kamati inamkabidhi skrini aichunguze. Alikubali shingo upande. Akaibeba mwenyewe, mbiombio, hakutaka hata msaada. Mpaka saa ya kutoka alikuwa bado anaichunguza, huku anaimba.

Kumtumikisha mpinzani bila mwenyewe kujua: huo ndio uongozi. Ila nilipofika nyumbani nikajikung'uta na kugundua kilichokuwa kinanipepesesha. Vumbi la mifagio.

Haidhuru. Uchunguzi ni uchunguzi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoa taarifa ya awali ya kamati. Nilisimama. Wengine waliketi. Nikaeleza falsafa ya kitufe, hekima ya masizi, na kwamba kuhusu kompyuta zenyewe tutafika, tusikimbizane. Rangi akauliza laptopu zitakuja lini. Nikamsahihisha: kompyuta mpakato. Akasema haya, laptopu mpakato zitakuja lini.

Mama Mkurugenzi akavua miwani. Akanitazama. Akasema, "Mchagua jembe si mkulima."

Nimeitafakari methali hiyo njia nzima, na maana yake iko wazi. Mkulima ni wa kulima. Mchagua jembe si mkulima: ni mtu wa ngazi ya juu zaidi, msimamizi, mwenye shamba. Sijawahi kusifiwa hadharani namna ile, tena mbele ya Rangi. Nilimsimulia mke wangu. Akaniomba nirudie hiyo maana niliyoipata, polepole, akawasimulie walimu wenzake.

Kwa nguvu ya sifa hizo nimepitisha uamuzi mzito. Kwa nini nihangaike kuandika kitufe kimoja wakati kuna programu nzima ya miadi, imekamilika, ina kitufe hicho na mambo mengine chungu nzima? Inaonyesha hali ya hewa. Inaonyesha mwezi mchanga na mwezi mpevu. Ile yetu ya zamani kazi yake ni kuweka miadi, basi. Aibu.

Nimetoa waraka. Kila mtu ahamie programu mpya, na nakala za ile ya zamani zifutwe kabla ya Jumatatu, pasiwe na mchanganyiko. Vichwa vya habari nimeviandika kwa herufi za maumbo tofauti, upendeze. Nimeusoma mara nyingi. Unapendeza.

Jumamosi, 8 Machi

Ofisini peke yangu. Kimya. Mazingira ya mtu mkubwa akifanya jambo kubwa.

Nimewahamisha akina mama wote wa Mkunga kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Programu mpya ina adabu, kila hatua inaomba ruhusa. Ikauliza kama ichukue majina yote. Ndiyo. Ikauliza kama iwatumie wahusika ujumbe wa miadi yao. Ndiyo. Ikasema kuna tarehe ambazo imeshindwa kuzisoma zilivyoandikwa, na kwamba isipoelewa itawaweka wahusika wote kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi, je, iendelee? Safari haiishii mlangoni. Ndiyo.

Kisha nikaifuta ile ya zamani kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti. Nyumba haina mabwana wawili. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Mimi! Nikaibonyezea kwa kidole cha shahada.

Nimejaribu kitufe cha kuahirisha. Kinafanya kazi. Makofi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amepata ujumbe wangu. Yaani ujumbe wa programu, lakini moyoni niliuona kama nimeuandika mimi. Unamwita zahanati keshokutwa, Jumanne, saa mbili asubuhi. Nilimwonyesha mama mkwe. Akaishika simu kwa mikono miwili, akasema nimefika mbali.

Mke wangu akasema miadi yake ilikuwa Ijumaa.

Nikamwambia mashine imepiga hesabu ikaona Jumanne ni bora. Akasema mwalimu mwenzake naye amepata Jumanne, saa mbili. Nikasema bahati. Akasema na mke wa jirani wa pili, Jumanne, saa mbili. Nikamweleza kwamba programu za kisasa huwaweka pamoja watu wanaofahamiana, wapate kuzungumza wakisubiri. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika jibu bila njia.

Mama mkwe ameomba nimpigie kibodi kidogo. Nimempigia. Amelala vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya ushindi. Mama Mkurugenzi alibonyeza kitufe cha kuahirisha kwa mkono wake mwenyewe, kikafanya kazi. Akasema, "Kumbe." Neno moja, lakini neno la mtu asiyepoteza maneno. Akabonyeza tena. Akapenda hata ule mwezi mchanga. Kesho tutavuka barabara pamoja kwenda kumwonyesha Mkunga. Ameniambia nivae vizuri. Hapo tena kuna kipi cha kuuliza? Huo ni uteuzi uliovaa suti.

Doa moja tu. Nilipopita kukagua utekelezaji wa waraka, Rangi hakuwa amefuta chochote. Programu ya zamani imejaa tele kwenye laptopu yake, pamoja na majina na tarehe za Mkunga kama zilivyokuwa juma lililopita. Nikauliza hakusoma waraka? Akasema aliufungua, akaona maumbo matatu ya herufi katika ukurasa mmoja, akaufunga kwa ajili ya afya yake.

Nimeandaa karipio. Nitalitoa nikishateuliwa, liwe na uzito.

Jumanne, 11 Machi

Naandika mchana huu nikiwa nimeketi kwenye ngazi za zahanati. Suti imechanika kwapani.

Tulivuka barabara asubuhi, Mama Mkurugenzi mbele, mimi nyuma na tai yangu. Nje ya zahanati palikuwa na watu. Nikamwambia Mama Mkurugenzi kwamba habari za programu mpya zimeenea, wamekuja kuiona. Kisha nikaona ni wanawake. Kisha nikaona matumbo. Viti vilikuwa vimejaa, mabenchi yamejaa, ukingo wa maua umejaa, na wengine walikuwa wameegemea ukuta mikono kiunoni. Kila mmoja ameshika simu, na kila simu inasema Jumanne, saa mbili asubuhi.

Mkunga alitokea mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti isiyopanda. Hakupandisha. Akamuuliza Mama Mkurugenzi kama haya ndiyo maboresho.

Nilianza kueleza. Tarehe zilizoshindwa kusomeka, nafasi ya kwanza iliyo wazi, mantiki ya jambo. Mama mmoja mwenye mwavuli akanikatiza kuuliza kama ni mimi niliyetengeneza kitu hiki. Wote wakanigeukia. Sikuwahi kuwa na hadhira kubwa kama ile. Mwishoni mwa benchi nikamwona mke wangu, nikampungia mkono ili wajue kwamba mimi pia ni mtu wa mtu. Aliyeketi karibu naye akamuuliza kama ananifahamu.

Mke wangu akasema, "Simjui."

Mkunga akanivua koti, si kwa ubaya, likachanika kwapani, akanielekeza stoo, nikaanza kubeba mabenchi. Nilibeba. Jua likapanda. Wenye hali ya haraka walipelekwa ndani kwanza, na mmoja alishikwa na uchungu hapo hapo kwenye foleni, akasindikizwa huku wenzake wakimpisha. Nikaleta maji. Nikaambiwa nilete mengine.

Nilipogeuka na ndoo nikamwona mke wangu amesimama. Alikuwa amempisha mwenzake mwenye mimba kubwa zaidi. Akashika ukuta. Ukuta haukumtosha, akayumba. Sijui ndoo niliiacha wapi. Nilifika nikamdaka, na hapo shati nalo likachanika. Mkono wake ulikuwa baridi, jasho limemjaa juu ya mdomo. Kwa muda huo sikuwa mwenyekiti wa chochote. Nilikuwa nasema jina lake tu.

Mkunga akaja, akamlaza, akampima, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Akasema mtoto yuko sawa, mama amechoka na jua na kusimama, apumzike ndani. Mke wangu akafumbua macho, akaniona. Akasema kwa sauti ndogo, "Umejumlisha kabla ya kusoma swali."

Nikamfuta jasho kwa tai yangu. Maneno yake nimeyaandika hapa kwa sababu shajara hii ni ya kweli.

Ndipo Rangi akaonekana anavuka barabara, laptopu kwapani. Mama Mkurugenzi alikuwa amempigia simu. Akaketi kwenye ngazi, akafungua ile programu ya zamani, akaanza kusoma majina kwa sauti, kila mtu na siku yake ya kweli. Huyu Alhamisi. Huyu juma lijalo. Huyu ni leo, abaki. Akina mama wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakicheka, wengine wakinitazama. Mwenye mwavuli alinitazama sana.

Kabla ya adhuhuri pakabaki wanaostahili kubaki. Yule wa uchungu akajifungua salama, mtoto wa kike. Ningependa iandikwe kwamba kama si ujumbe wa programu yangu, mama yule angekuwa nyumbani, mbali na mkunga. Nilimwambia Mkunga hivyo. Akasema nipeleke mabenchi ndani.

Mama Mkurugenzi alisubiri mpaka nilipomaliza la mwisho. Akasema, "Nilikutuma uchague. Sikukutuma ubomoe." Akavuka barabara peke yake.

Jumatano, 12 Machi

Rangi ndiye Mkuu wa Ufundi. Imetangazwa asubuhi, kwa maneno machache, akiwa ameketi mbele ya ile skrini kubwa. Sasa naona ukubwa wa mpango wangu. Nani alimruhusu asiutii waraka? Mimi. Ningeutia mkazo, angefuta, na leo Mkunga asingekuwa mteja wetu. Kulegeza kamba mahali panapotakiwa ni kipaji, hakifundishwi. Nilimweleza Rangi hivyo kwa nia njema. Akanishukuru kwa mchango wangu, kisha akarudisha kibodi dukani.

Kamati imevunjwa. Mwenyekiti alipinga, lakini hakukuwa na wajumbe wengine wa kumuunga mkono.

Programu ya zamani imerudishwa kwenye seva. Kitufe cha kuahirisha amekiandika mtu wa nje kabla ya chakula cha mchana, kwa programu ile ya kwanza, ile nyepesi. Sijui rangi ya nyuma aliyotumia. Nasikia ni nyeupe. Sitaki kujua.

Mkunga amekubali kubaki nasi, kwa sharti moja. Alitaka mtu wetu akae mapokezi kwake mpaka mwisho wa juma, awapigie akina mama simu mmoja mmoja, awaombe radhi na kuwathibitishia siku zao. Alimtaja huyo mtu. Kati ya watu wote wa ofisi, aliniomba mimi. Mama mkwe alipiga vigelegele vidogo. Mke wangu, ambaye anapumzika kitandani na amerudi kunifahamu, aliuliza kama nimeelewa kwamba ni adhabu.

Wanahisabati huona alama ya kutoa kila mahali.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kwanza mapokezi. Nimependeza. Suti imeshonwa.

Simu za radhi zimekwenda vizuri. Wengi walikata kabla sijafika kwenye maelezo ya kiufundi, hivyo nikaokoa muda. Mwenye mwavuli hakukata. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule niliyechanika kwapani. Nikakubali kwa heshima.

Muda uliobaki niliutumia kutazama. Jicho langu halipumziki. Mkunga akimaliza na mama mmoja, hutikisa kikengele cha shaba kilicho juu ya meza yake, mwingine anaingia. Basi! Hakuna jina, hakuna namba, hakuna taa. Kila mtu kwenye benchi anajua zamu yake kwa kumtazama aliye mbele. Nilimuuliza amekitumia tangu lini. Akasema tangu alipofungua zahanati. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria chombo cha kutangaza kwa spika, kinachomwita mtu kwa jina lake kamili, kwa sauti ya kuchagua, ya kike au ya kiume, na muziki laini katikati. Alikuwa anaosha mikono. Akasema tutaona baadaye.

Baadaye! Hakusema hapana. Mtu mwenye shughuli nyingi kama yule akisema baadaye, maana yake anza.

Nimeshaanza. Muuza vifaa ana spika za aina nyingi sana, na hakuna aliyewahi kuzilinganisha kwa utaratibu. Nahitaji kwanza kupima mlio wa kengele ya sasa, ili tujue tunatoka wapi. Kwa hiyo nimeichukua. Ipo hapa nyumbani, ndani ya soksi, isilielie njiani. Mkunga sikumwambia, alikuwa na mgonjwa. Kesho asubuhi benchi likijaa naye akaitafuta mezani asiione, ndipo atakapotambua mwenyewe jinsi zahanati ile inavyohitaji kitu cha kisasa.